Anuari na Masalia ya Kikapu

Ukipeleka kitu kupimwa kwa Anuari Yahaya, pale Biharamulo mjini, jiandae kuulizwa maswali ya kukera. Haanzi na jina lako wala kijiji chako. Anataka kujua umekichota wapi, juu au chini, kwa chombo gani, na kama ndicho hicho mnachokula na kunywa kila siku au mmekichagua kwa ajili ya safari. Wengine hununa. Mama mmoja wa stendi aliwahi kumwambia kwamba amekuja kupima maji, hakuja kuungama. Anuari akacheka, akamwomba arudi akachote tena, safari hii pale ng'ombe wanapokanyaga.

Ana miaka hamsini na miwili, mwembamba, mpole wa sauti na mbishi wa vitendo. Kwao ni watu wa duka. Babu yake alikuja na mizigo ya vitambaa kutoka pwani, akafungua duka, na tangu siku hiyo ukoo mzima umeishi kwa kupima kanga na vitenge. Mzee Yahaya alitaka mwanawe naye ashike mita. Mwana akaenda chuo, akarudi ameshika chupa. "Nimezaa mtu wa kunusa maji ya visima vya watu," mzee alikuwa akiwalalamikia wateja, na kila mteja alijua kuwa hayo si malalamiko, ni majivuno.

Maabara yenyewe ni vyumba viwili vya bati nyuma ya ofisi za kilimo, na friji moja lililokwisha kuzoea kukatiwa umeme. Lakini hapo hupita kila kitu. Yanakuja maji kutoka karibu na mashimo ya dhahabu, yapimwe kama yana zebaki. Inakuja mizinga ya nyuki waliokufa wote kwa siku moja, udongo wa shamba lililogoma kuzaa, maziwa, samaki, majani ya migomba iliyonyauka. Anuari huosha kila chupa mara tatu na kuisuuza mara ya nne, jambo linalomchoma mkewe, Zulfa. "Huko kazini unaosha vyombo mpaka vinang'aa," humwambia, "hapa kwangu hata kikombe chako cha chai hukioshi." Anuari hujibu kwamba kikombe cha nyumbani hakiandikiwi ripoti. Jibu hilo halijamsaidia hata siku moja.

Maswali ya kukera hayakuwapo zamani. Kwa miaka zaidi ya ishirini Anuari alipokea alicholetewa, akapima, akaandika, akapiga mhuri. Yalianza mwaka ule wa kiangazi kirefu, kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa hamjui kabisa.

Mwanamke huyo anaitwa Niragira. Kwao ni Bugarama, upande wa Ngara, na aliolewa Nyamigogo na mkulima mmoja, Wiston, aliyefiwa na mke wa kwanza akaachiwa watoto wawili: Odeta wa miaka saba na mdogo wake Nshoma wa miaka mitano. Niragira naye alikuwa na kichanga chake kifuani. Siku moja Wiston akiwa safarini, Odeta na Nshoma walikula ugali wa muhogo mchana, na kabla jua halijageuka wakaanza kutapika, wakashikwa na kizunguzungu, magoti yakawaishia nguvu. Majirani waliwakimbiza zahanati. Mungu akasaidia, wakapona, ingawa Odeta alibaki na miguu mizito, anatembea kama mtu anayevuka matope.

Kichanga cha Niragira hakikuguswa. Kilikuwa bado kinanyonya, hakijui ugali ni nini, lakini nani alikumbuka hilo? Mama wa kambo si mama, watu wakasema. Wa mwenzake wameugua, wa kwake mzima. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama mzazi wa Wiston, Bibi Deodata, ambaye ndiye aliyewalea wajukuu wale tangu mama yao alipofariki, alikuja akawachukua kwenda kwake, akaapa kwamba hawatakula tena kutoka mkono ule.

Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hakupenda mambo ya kufukuzana, alimwambia Wiston apeleke kwanza unga mjini ukapimwe. Wiston akapeleka. Aliuleta ndani ya kopo jipya, limefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, utadhani anapeleka posa.

Anuari aliupima kama anavyopima siku zote. Muhogo mchungu una sumu yake ya asili, sianidi, na sumu hiyo huondoka muhogo ukilowekwa vizuri kabla ya kuanikwa. Ukitaka kujua kama imebaki, unapima unga kidogo, unautia ndani ya chupa pamoja na maji na dawa yake, unaning'iniza juu yake karatasi ya manjano, unafunga kifuniko, unasubiri mpaka kesho. Sumu ikiwemo, hupanda kama mvuke usioonekana na kuigeuza karatasi kuwa ya kahawia. Karatasi ya Wiston ilikaa manjano kama kiini cha yai. Anuari akaandika kwamba unga hauna sumu, akatia sahihi, akapiga mhuri, akaenda kunywa chai.

Siku tisa baadaye Wiston alirudi, kwapani amebana jogoo mkubwa mwekundu.

"Nimekuja kushukuru, Daktari," alisema. Huko vijijini kila mwenye koti jeupe ni daktari, na Anuari alishachoka kukataa. "Karatasi yako imetumalizia ugomvi. Tulikuwa tunabishana tu. Sasa tumejua. Kama unga ni safi, basi mkono ndio mchafu. Jumamosi ukoo unakaa, unamrudisha kwao."

"Unamrudisha nani?"

"Mke wangu."

"Na kichanga?"

Wiston akatazama chini. "Mtoto ni wa ukoo. Akiacha kunyonya tutamfuata."

Anuari alilivuta daftari lake, akaangalia maandishi yake mwenyewe, safi, yamenyooka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akauliza swali ambalo sasa linawanunisha watu wa stendi. "Wiston, ule unga ulioniletea uliuchota wapi?"

"Kwenye pipa la chumbani. Ule wa wageni, uliochekechwa mara mbili."

"Ndio waliokula watoto?"

"Hapana! Watoto walikula wa kikapuni, uliotoka kwa mama. Yalikuwa yamebaki masalia tu, chini kabisa." Wiston alimkodolea macho, ameumia kidogo. "Daktari, ningewezaje kukuletea masalia ya kikapu hapa ofisini? Sisi si watu wa namna hiyo."

Hapo ndipo penye tatizo, na usimcheke Wiston. Ni nani kati yetu, akiambiwa serikali inataka kuona unga wake, atakomba chini ya kikapu? Kwao Anuari mwenyewe, mgeni akibisha hodi, vikombe vilivyomeguka vinakimbizwa kabatini kabla mlango haujafunguliwa. Mficha uchi hazai, tunasema, kisha tunaufunika vizuri zaidi. Wiston alifanya adabu. Anuari alifanya kazi. Na kwa adabu na kazi hiyo, mama alikuwa anatenganishwa na kichanga chake.

Mkubwa wake kazini alimwambia asijisumbue. Alicholetewa ndicho alichopima, karatasi haina kosa. "Karatasi haina," Anuari akajibu, "mimi ninalo." Na mimi ninayesimulia naona hapo ndipo mtu wa kazi anapojulikana. Kosa ambalo hakuna mtu anayeweza kukudai, ukalibeba mwenyewe mpaka Nyamigogo, hiyo si tabia ya kila mtu. Jogoo alimrudishia Wiston, kwamba bado hajamfanyia kazi ya kumstahili.

Ijumaa, baada ya swala, alipanda bodaboda na chupa zake amezifunga ndani ya kanga ya Zulfa zisigongane. Alimkuta Bibi Deodata hapo hapo kwa mwanawe, ameketi kwenye kigoda katikati ya ua, analinda nyumba isiibiwe na mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini tena? Si ulishaandika?"

"Niliandika, mama. Ila nilipima unga ambao watoto hawakula. Nimekuja kwa ajili ya ule waliokula."

Niragira alikuwa mlangoni mwa jiko anachambua maharage, hakuinua uso. Mwanamke kijana wa miaka ishirini na sita hivi, macho makavu kabisa. Anuari alimsalimia, akaomba ruhusa ya kuingia jikoni, jambo ambalo mwanamume mgeni haombi, na Bibi Deodata akaguna kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kikapu kilikuwa juu ya uchaga, kimefunikwa jani la mgomba.

"Waliniambia nikitupe," Niragira alisema polepole. "Nikakataa. Nikikitupa, nitabaki na nini cha kunitetea?"

"Siku ile watoto walisema chochote?"

"Walisema ugali ni mchungu. Nikawagombeza. Niliwaambia unga wa bibi yao hausemwi vibaya. Na mimi nilikula kidogo, kichwa kikanizunguka, nikadhani ni kunyonyesha."

Bibi Deodata alisikia kila neno. Alisimama, akaja mpaka mlangoni mwa jiko. "Unga ni wangu, ndiyo! Nilimenya mwenyewe, nikaanika mwenyewe, niliwaletea wajukuu zangu kwa sababu njaa ilikuwa inaingia. Muhogo wangu haujaua mtu tangu nizaliwe."

"Uliuloweka siku ngapi, mama?" Anuari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niuloweke wapi? Kidimbwi cha bondeni kimekauka tangu mwezi wa sita. Niliupasua, nikauanika juu ya mwamba. Jua lilikuwa kali, ukakauka vizuri, mweupe."

Anuari alijua palepale. Miaka yote mama huyu alikuwa akiloweka muhogo wake siku nne bondeni mpaka ulainike na kunuka, ndipo anauanika, ndio udaga kila mtu anaoujua. Mwaka huu maji hayakuwapo, na kwa mapenzi na haraka akairuka hatua moja. Lakini kujua si kupima. Na angesema nini? Mgeni wa mjini, ambaye wiki iliyopita karatasi yake ilisema hivi, leo anageuka anamwambia bibi wa watu kuwa ndiye aliyewalisha sumu wajukuu zake. Nani angemwamini?

"Mama," alisema, "huniamini, na una haki. Basi tupime mbele yako. Sitagusa unga wowote. Utachota wewe."

Akatoa chupa nne. Moja ya unga wa pipa la wageni, ya pili ya masalia ya kikapu, ya tatu ya unga aliokuja nao kutoka dukani mjini. Ya nne alitaka kuiacha na maji matupu, lakini bibi akamkatiza. "Hiyo weka wa kwangu, wa nyumbani, ulioanikwa siku ileile. Ili waone kwa macho yao unga wa mtu mzima." Akatuma uletwe, akausubiri amekunja mikono.

Anuari akamwonyesha kijiko cha kipimo na namna ya kukisawazisha, kisha akawapa mgongo wote akatazama ukuta. Bibi alichota, akafunga kila chupa uzi wa rangi yake shingoni, mwekundu, mweusi, mweupe na wa ugwe wa mgomba, bila kumwambia upi ni wa nini. Anuari aligeuka, akatia maji na dawa, akaning'iniza karatasi, akafunga vifuniko. Zote nne zilikuwa manjano sawasawa.

"Sasa kaa nazo wewe," akasema. "Zifungie kwako. Kesho mchana, kikao kikikaa, utazileta."

Ukimsimulia mtaalamu yeyote jambo hili atashika kichwa. Mshtaki kukabidhiwa ushahidi! Lakini Anuari aliwajua watu wake. Matokeo yanayotoka kabatini mwa ofisi wangeyakunja wakayatumia kama walivyotumia yale ya kwanza. Yaliyotoka chini ya kitanda cha Bibi Deodata wangelazimika kuyatazama. Kabla hajaondoka aliomba jambo moja tu: watoto walishwe ndizi mpaka kesho. Bibi alimtazama sana, kisha akasema ndizi zipo.

Jumamosi watu kama kumi na tano walikaa kwenye mabenchi uani kwa Wiston. Niragira alikuwa kwenye mkeka karibu na jiko, kichanga mapajani, kando yake kitenge kilichofungwa vizuri, nguo zake zote ndani. Mzigo wenyewe ulikuwa mdogo. Anuari aliomba asimame wa kwanza.

"Jina langu liko kwenye ile karatasi mliyonayo," alisema. "Haikusema uongo, lakini mimi sikuuliza unga umetoka wapi. Ningeuliza, tusingekuwa hapa. Huyu mama mmemhukumu kwa uzembe wangu. Naomba radhi kwake kwanza, halafu kwenu."

Watu wakanong'ona. Mtu wa ofisi kuomba radhi kwa mwanamke aliyekaa mkekani lilikuwa jambo jipya. Kisha wakamsubiri bibi, na bibi hakuja. Saa saba ikapita. Saa nane ikakaribia. Wazo ambalo Anuari alikuwa amelizuia tangu asubuhi likamjia: bibi amezimwaga. Nyumba yake, mlango wake, chupa zake. Nani angemuuliza? Alimtazama Niragira akijifunga upya kitenge cha mtoto mgongoni, kama mtu anayeona gari lake linakuja, na akajichukia.

Ndipo Bibi Deodata akaingia. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, amebeba ungo kwa mikono miwili. Aliutua katikati ya ua, na kila mtu akainama kuona. Karatasi mbili zilikuwa manjano. Mbili, za uzi mwekundu na uzi mweusi, zilikuwa za kahawia nzito.

"Daktari," bibi akasema, "kahawia ni nini?"

"Kahawia ndiyo sumu, mama."

"Ya unga upi?"

"Sijui. Nyuzi ni zako."

Bibi angeweza kusema lolote. Angesema mwekundu ni wa pipa la Niragira, mweusi ni wa dukani, na hakuna mtu chini ya jua angembishia. Akaingiza mkono kifuani mwa gauni, akatoa kopo dogo la bati, akampa Anuari.

"Jana ulinifungia chupa kwa ile kanga, ukalisahau hili humo. Karatasi mpya zimejaa, manjano tupu. Nimeamka alfajiri nikaziona hizi zimeshageuka, nikakaa na kopo lako mapajani mpaka sasa hivi, nizibadilishe nisizibadilishe. Ndiyo maana nimechelewa." Akashusha pumzi. "Zihesabu. Zimo zote."

Anuari hakuhesabu. Alikuwa amepima sumu ya kila namna maishani mwake, na mbele ya mwanamke yule alijiona mtoto.

"Mwekundu ni wa kikapu," bibi akauambia ukoo wake. "Mweusi ni wa kwangu, nimeuchota kwa mkono huu. Mliyekuja kumfukuza hana kosa. Mwenye mkono mchafu ni mimi. Mama wee! Wajukuu zangu mwenyewe!"

Wiston alisimama, akakaa tena. Anuari akasema haraka kwamba si mkono, ni maji yaliyokosekana bondeni, kwamba muhogo ule ule ukilowekwa siku nne hauna neno, na miguu ya Odeta inahitaji hospitali kubwa. Wazee wakaitikia. Bibi hakuwa anamsikiliza. Alikwenda mpaka mkekani, akapiga magoti kwa shida, kwanza goti moja halafu la pili, akaanza kufungua fundo la kile kitenge cha nguo.

"Usiende, mwanangu," alisema. "Washa moto unipikie. Nina njaa."

Niragira hakuwa amedondosha chozi hata moja tangu siku watoto walipougua. Alianza kulia akichekecha unga wa pipa, akalia maji yakichemka, akalia akisonga, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipoutua ugali mbele ya watu, Bibi Deodata alinawa, akanyoosha mkono, akamega tonge la kwanza.